Raha ya Milele Umpe, Naye Ameketi Meza Kuu

Haya, naona klipu ya risala yangu ya Jumapili imeshavuka Mto Mpiji imeingia Dar, na asubuhi hii binamu yangu aliyeko Muscat kanipigia kuniuliza kama ni kweli nimemzika padri. Sijamzika. Padri ni mzima, jana jioni nimemwona kwa macho yangu anakula muhogo wa kukaanga na pilipili ya kupakaza. Ila kwa kuwa mtani wangu Mnyamwezi ameona vyema kuisambaza ile dakika moja na sekunde arobaini isiyo na kichwa wala miguu, acha niseme mwenyewe, jeraha likiwa bado bichi.

Huyu mtani babu zake walikuja Bagamoyo wamebeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyamwezi. Mjukuu kaona pembe ni nzito, anabeba umbea.

Klipu yake inaanzia pale ninaposema "mjane mmoja". Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe. Mngeniona ukurasa wa kwanza mngesema huyu bwana kwa nini hajapelekwa Bungeni.

Na tuweke sawa mambo matatu. Kaandika kwamba nililia. Sikulia, lile ni jasho, na aliyewahi kusimama saa sita juani na koti la harusi yake ya mwaka 1998 atanielewa. Kaandika kwamba nilimvisha padri shada la kaburini. Uongo mtupu, shada lilikuwa la maua ya karatasi, wakina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walilitengeneza wenyewe. Kaandika kwamba nilitangaza rambirambi. Hilo si mimi, ni mweka hazina, na nitafika huko.

Mengine yote ni kweli.

Sasa kwa wale wageni wa ukurasa huu. Padri wetu anatoka Poland. Ana miaka kumi na moja huku kwetu, na kwa vile hajapata kumpandishia mtu sauti, watu wanamwita Padri Mpole, ingawa wapo wazee wanaoamini kabisa kwamba hilo ndilo kabila lake. Kila baada ya miaka mitatu anakwenda kwao miezi mitatu kumwona mama yake. Na kila akienda, parokia nzima inakaa roho juu, maana mapadri wa kizungu siku hizi wakienda likizo unaweza kusikia tu kaambiwa abaki, umri umekwenda, goti limegoma. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwamba "Jumamosi nipo", kamati ya mapokezi iliundwa ndani ya saa moja. Mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, na wajumbe kumi na mmoja wa chakula. Wa viti hakupatikana hata mmoja.

Katibu ni mimi. Ninyi mnanijua kwa kamba, nyavu, ndoana na maboya, pale nilipo jirani na soko la samaki. Lakini parokiani mimi najulikana kwa risala. Harusi, jubilei, komunyo ya kwanza, kumuaga mwalimu anayehama, niiteni. Na mwezi wa saba alipofariki mzee wetu aliyekuwa mwenyekiti wa parokia kwa miaka mingi, Mungu amrehemu, wasifu wake niliandika mimi nikausoma mimi. Watu walilia mpaka wapiga ngoma. Katekista alinishika bega akasema, "Hata marehemu angeipenda." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Liwekeni hilo faili la mwezi wa saba akilini. Ndilo lililoniua. Au lililomuua padri, vyovyote mtakavyo.

Jumamosi sitaizungumzia sana kwa sababu na yenyewe ni aibu, ila si yangu peke yangu. Gari la mapokezi lilikwenda kumfuata Dar, likafia Mapinga. Wajumbe wakashuka kusukuma. Padri huku kashatoka uwanja wa ndege, kaona hakuna mtu, kapanda basi kama binadamu wengine, na pale Mapinga basi likawapita wajumbe wake wakiwa wameinamia buti la gari na mashati mapya. Anasema aliwapungia mkono akidhani ni watu wa kawaida wenye shida. Akashuka stendi Bagamoyo, akachukua bajaji, akafika parokiani na mabegi mawili akamkuta mtunza sakristia yuko na singlendi anamwagilia michicha. Ndiyo mapokezi yaliyokuwa.

Kwa hiyo Jumapili ilibidi iwe kubwa. Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, risala iwe nzito, ifidie gari."

Usiku ule ule nikaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wangu. Nikaanza na mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wanavuka kutoka Zanzibar wanatia mguu kwenye mchanga wetu. Nikaweka msalaba wa pwani. Nikaweka Kijiji cha Uhuru walikokaa watu waliokombolewa utumwani. Nikaweka yale makaburi ya wamisionari, vijana wadogo waliokuja kutoka Ulaya na homa ikawamaliza, hawakupata hata likizo moja. Halafu nikamweka Livingstone, kwamba mwili wake ulilazwa hapa misheni Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kwenda kuzikwa London. Msiniulize maiti alikuwa anatafuta nini kwenye karamu. Mtu wa Bagamoyo akipewa maiki lazima amtaje Livingstone, ni kama ushuru.

Ukurasa wa pili ulitakiwa uwe wa sifa za padri mwenyewe. Saa saba usiku, sifa zikagoma. Mkarimu, mcheshi, habagui, anapenda watoto... nikasimama. Mbona hizi nimeshaziandika mahali? Nikakumbuka: mwezi wa saba! Watu wema wanafanana, jamani, sifa ni zile zile, kwa nini nijitese?

Asubuhi na mapema kabla ya misa nikampitia kijana wa steshenari. Nikamuuliza lile faili la msiba bado analo, akasema lipo. Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu niko tayari kuyaapia: "Chukua zile aya za sifa, palipoandikwa Marehemu weka Baba Paroko, ubandike chini ya huu ukurasa mpya." Yeye kasikia "weka Baba Paroko". Aya za sifa sijui zilipotelea sikio gani. Akabonyeza sehemu moja, akageuka na tabasamu: "Mzee, imebadilisha yote mara moja, sehemu ishirini na tatu." Ishirini na tatu! Sifa zenyewe hazikuzidi nne. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikamsifu. Nikamwambia kijana una mkono mwepesi, nikamwongezea mia tano, nikaondoka na karatasi zikiwa bado zina joto.

Kusoma sikusoma. Miwani yangu niliikalia Jumamosi kwenye pilikapilika za gari, nikaazima ya mama watoto. Miwani ile ina tabia moja: inakuza mstari mmoja tu, mkubwa kama bango la sabuni, mistari mingine yote ni ukungu. Unasoma wa kwanza, wa pili huujui mpaka uufikie. Shikeni hapo.

Basi, misa ya pili imekwisha, tumetoka nje chini ya miembe. Meza kuu imetandikwa kitambaa cheupe. Yupo padri, kavishwa shati la kitenge na shada lake la karatasi, mkononi dafu lenye mrija. Yupo katekista, yupo mwenyekiti wa mtaa, na kulia kwa padri kaketi Sheikh jirani yetu, maana msikiti wake na kanisa letu vinatazamana barabarani na dafu zile zote kaleta yeye. Safu ya mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, kaketi Bi Mkubwa, mjane wa yule mzee wetu wa mwezi wa saba, bado na kitambaa chake cheusi kichwani. Mimi mwenyewe ndiye niliyesisitiza awekwe mbele, kwa heshima. Mnaona Mungu anavyopanga?

Ukurasa wa kwanza ulikwenda kama dau lenye upepo wa kusi nyuma. 1868, vigelegele. Kijiji cha Uhuru, ngoma. Livingstone, makofi. Mtani akanyanyua simu juu, nikamwona kwa pembe ya jicho, nikainua kidevu kidogo niwe na picha nzuri. Nikageuza karatasi.

"Baba Paroko alizaliwa kijiji cha Mlingotini mwaka 1949, akiwa mtoto wa nne wa mzee mvuvi."

Hapo ndipo Mungu angenionea huruma watu wakazomea. Lakini hapana. Watu walishangilia! Wakadhani ni utani wa heshima, kwamba nampa padri uraia wa Mlingotini. Mama mmoja akapiga kelele, "Huyo wetu huyo!" Padri mwenyewe akacheka, akanyanyua dafu juu. Mimi moyoni nikasema kha, hii sikumbuki kuiandika, lakini mbona imeingia vizuri?

Mstari uliofuata. "Baba Paroko alikuwa mkarimu, mcheshi, asiyebagua mtu." Ile "alikuwa" niliihisi ulimini kama kokoto kwenye wali. Nikaimeza. Alikuwa, na bado ni, kuna ubaya gani.

"Baba Paroko alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2019."

Makofi yakakatika. "Masikini," nikasikia nyuma, "kumbe alikwenda kutibiwa." Padri akajishika kifua, akamtazama katekista. Nikadhani ameguswa.

"Licha ya juhudi kubwa za madaktari, Mungu alimpenda zaidi. Baba Paroko alitutoka Jumanne alfajiri akiwa usingizini."

Ndugu zangu. Naomba nikae hapa kidogo.

Kulikuwa na mtoto anamalizia soda, mrija unasema kyururu chini ya chupa, basi. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwepo duniani. Sheikh wa watu, mzee wa miaka sabini na ushei, kasikia habari ya kifo na ulimi wake ukafanya kile ulichofanya maisha yake yote. Akainamisha kichwa na kusema polepole, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Kisha nikaona kofia yake inainuka. Shingo ikageuka kushoto, taratibu, kama mlango wenye kutu, mpaka akakutana uso kwa uso na marehemu. Na marehemu kakaza macho, mrija bado mdomoni, maji ya dafu yamesimama katikati hayapandi hayashuki.

Mtaniuliza, katibu, kwa nini hukunyamaza? Nilikuwa nimeshaelewa! Naapa nilielewa pale pale kwenye "alitutoka". Ila kuelewa ni kazi ya kichwa na kunyamaza ni kazi ya mdomo, na siku ile hawakuwa wanazungumza. Dau halina breki, wavuvi wananielewa, tanga likishajaa mpaka ulishushe, na mimi hata kamba ya kushushia nilikuwa siioni. Miwani inanionyesha mstari mmoja, mkubwa, mweusi, na mdomo ukausoma.

"Baba Paroko ameacha mjane mmoja..."

Spika zetu mbili, moja iko mbali ukutani, kwa hiyo sauti inakurudia. Nilisema "mjane mmoja" na ukuta ukanijibu "...mmoja".

"...watoto saba, na wajukuu kumi na tisa."

Hamna aliyenitazama mimi. Laiti wangenitazama mimi! Hawa watu wote walikuwepo msibani mwezi wa saba, hesabu hiyo wanaijua ni ya nyumba gani. Vichwa vyote vikaenda kwa Bi Mkubwa. Vikatoka kwa Bi Mkubwa vikaenda kwa padri. Vikarudi kwa Bi Mkubwa. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ni mtu wa serikali na anatakiwa awe na busara, akawa anahesabu kitu kwa vidole chini ya meza.

Nikaona nirekebishe. Kosa langu la pili, na mniamini, ndilo kubwa. Nilitaka kusema kwamba mjane na watoto hao ni wa mtu mwingine. Koo limekauka, maiki inakoroma, kilichotoka ni hiki: "Samahani jamani, namaanisha... hao ni wa hapa hapa Bagamoyo. Poland hana."

Kuna mtu aliangusha sahani.

Bi Mkubwa akachukua ncha ya khanga akajifunika uso wote, mabega yakaanza kutikisika. Nikasema basi, nimemtonesha mjane kidonda mbele za watu. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu. Na katika hofu ile mwili ukakimbilia kwenye kitu pekee ulichokijua, mwisho wa kila wasifu niliowahi kusoma. Nikapaza sauti:

"Raha ya milele umpe, ee Bwana!"

Mnajua Wakatoliki. Ukituamsha usingizini saa tisa usiku ukasema maneno hayo tutaitika kabla hatujafumbua macho. Umati mzima, kwa sauti moja: "Na mwanga wa milele umwangazie!" Na sauti iliyowashinda wote, nzito, ya mtu wa kazi, imetoka meza kuu. Ni padri. Kajiombea mwenyewe. Bila hata maiki.

"Apumzike kwa amani."

"Amina."

Akafanya ishara ya msalaba. Kipaji cha uso, kifua, bega la kushoto, na hapo mkono ukakwama. Nikauona kabisa ukikwama. Kidole begani, macho kwangu, ndipo alipotambua anamwombea nani.

Na ndiyo kwanza mweka hazina anatokea jikoni alikokuwa anahesabu sahani za pilau. Hakusikia chochote ila "Amina". Na mweka hazina wetu ni mtu wa utaratibu: akisikia raha ya milele na amina, ananyanyua kapu. Akapita mbele kwa heshima, akasema, "Wapendwa, kwa rambirambi tuanzie safu ya kulia." Na watu wakatoa! Hilo ndilo linalonishinda mpaka leo. Padri yuko mbele yao anapumua, wao wanatumbukiza noti. Zilipatikana shilingi 43,500. Mwenyekiti wa mtaa katoa elfu kumi.

(Mtani, wewe uliyerekodi yote haya, ulitoa mia mbili. Nilikuona. Nalo liweke kwenye klipu.)

Padri akasimama, akanijia. Maiki nilikuwa nimeishika vile anavyoshika mtu aliyezama akirushiwa kamba, ikabidi anibandue kidole kimoja kimoja. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Akanyamaza kidogo, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu. Kwa muda wa miezi mitatu mama yangu alikuwa ananiambia, mwanangu mbona umekonda. Sasa nimejua sababu."

Walioanza kucheka ni vijana wa kwaya.

"Livingstone alifika Bagamoyo akiwa amefariki. Akina Chuma na Susi, watumishi wake, wamembeba miezi tisa. Mimi nimefika kwa bajaji, nimelipa elfu mbili. Lakini naona heshima mliyonipa ni ile ile." Akanigeukia. "Kuhusu mjane, watoto saba na wajukuu kumi na tisa, katibu aje ofisini kesho na majina. Askofu akiniuliza, mimi sitaki kubabaika."

Basi tena. Hapo hata miembe ilicheka. Pilau ikaliwa, samaki wa kupaka wakaliwa, mimi sikuliwa na mtu lakini sikumeza kitu. Kila aliyepita mbele yangu alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia pole, kwa sura ile ile ya msibani, wengine wamejifunga khanga kiunoni makusudi. Sheikh alipokuwa anaondoka akaniita pembeni, nikajua sasa naonywa. Akasema, "Mwanangu, sisi maiti tunamzika siku ile ile. Nyinyi huyu mnamlisha pilau?" Akaenda zake, mabega yanaruka ndani ya kanzu.

Mengine kwa kifupi. Mama watoto kachukua miwani yake na kasema siiazimi tena mpaka afe, afe kweli. Kijana wa steshenari katuma ujumbe kuuliza kama risala ilipendwa. Zile 43,500 zimekwenda kwa fundi aliyelifufua gari la Mapinga. Padri Mpole sasa ni Padri Pole, watoto wa mafundisho wanaimba kabisa. Karatasi zangu kaziomba, kazitia kwenye droo ya ofisi, anasema siku yake ikifika kamati isihangaike, ipo tayari, ibadilishwe Mlingotini tu.

Ila kilichonikosesha usingizi Jumapili usiku si hayo. Ni yale mabega ya Bi Mkubwa. Nikapanga Jumatatu nifunge duka niende kwake kuomba radhi, na kilo mbili za sukari.

Akaniwahi. Saa mbili asubuhi namwona anakuja na fimbo yake, anakwepa madimbwi ya maji ya samaki. Nikatoka nje mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikatie kamba ya kuanikia. Mita kumi."

"Mama, kwa yale ya jana, mimi kwa kweli..."

"Isiwe ile ya bluu, ya bluu inachuja rangi ikinyeshewa. Nyeupe."

Nikapima, mikono inatetemeka, nikakata kumi na mbili. Nikakataa hela, akaiweka juu ya mzani. Akaikunja kamba akaitia kwenye kikapu, na humo kikapuni nikaona pakiti ya pini kubwa na vitambaa vyeupe vimekunjwa, vipya, bado vina karatasi ya dukani. Akafika mlangoni akageuka. Ule uso, jamani, tangu mwezi wa saba sikuwa nimeuona ule uso.

"Katibu."

"Naam, mama."

"Ile kumi na tisa ilikuwa ya mwezi wa saba. Yule binti yangu wa Kiwangwa kajifungua Ijumaa, yuko kwangu. Ni ishirini. Karekebishe."